Pumzi ya Nani?

Nimemtukana babu yangu mara moja tu maishani, na tusi lenyewe nililitoa kitabuni.

Ilikuwa Desemba 2018. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, kichwa kimejaa maneno mazito: kasumba, ukoloni wa fikra, utamaduni wa mtawaliwa. Si unajua tena, ndugu msomaji, mtu akishasoma vitabu vitatu anaona wazee wote wamelala na yeye ndiye jogoo wa kuwaamsha. Basi la kutoka Dar es Salaam likanishusha Mlowo usiku, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Spika za maduka zilikuwa zinapigana vita: huku singeli, huku kwaya, kule mtu anatangaza dawa ya panya. Nikapanda bodaboda hadi nyumbani, nikalala. Alfajiri nikaamshwa na sauti niliyoijua tangu utotoni. Babu alikuwa amekaa barazani, kofia kichwani, anapuliza tromboni.

Nyumbani hatukuiita tromboni. Tuliiita tarumbeta tu, kama watu wengi wanavyoviita vyombo vyote vya shaba vya kupuliza. Ilikaa chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye shuka kuukuu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Asubuhi ile alikuwa anapuliza wimbo wa kanisani, wenye asili ya Ujerumani, polepole, maana mapafu yalikuwa yamechoka.

Nikamwamkia. Akaitikia, akanitania kama kawaida yake, akaniita mume mwenza. Mimi nami, badala ya kukaa ninywe chai, nikafungua mdomo: "Babu, miaka yote hii bado unapuliza muziki wa mkoloni?"

Alinyamaza. Nikaona nimepata jukwaa. Nikamwambia kwamba wimbo ule ulikuja na watu waliowaambia wazee wake kuwa ngoma zao ni za shetani. Kwamba waliokuja na tarumbeta na waliokuja na bunduki walishuka meli moja. Kisha nikasema, na hapa ndipo lilipo tusi: "Hiyo unayopuliza, babu, wala si pumzi yako. Umeazimwa."

Hakukasirika. Alifuta mdomo wa tarumbeta kwa pindo la shati, akanipa. "Puliza." Nikapuliza. Hakikutoka kitu, hewa tupu. Nikakaza mashavu, nikapuliza tena, ikatoka sauti ambayo heshima ya jarida hili hainiruhusu kuieleza. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Babu akachukua chombo chake akasema, "Hiyo sasa ndiyo pumzi yako. Mimi hii yangu niliitafuta miaka miwili."

Nimeishi na jibu lile kwa miaka sasa. Leo naliweka mbele yenu, vijana wenzangu wa kalamu, kwa sababu ndani yake mna swali linalotuhusu sote. Mtu aliyetawaliwa akiupenda wimbo wa mtawala wake, je, mapenzi yale ni yake, au nayo ni sehemu ya kutawaliwa? Na sisi tuliozaliwa bendera imekwisha kushushwa, tuna haki gani ya kumhukumu?

Tuanze na Mlowo yenyewe. Mlowo tunayoijua leo, ya foleni za malori, magunia ya mahindi, kahawa na nyumba za wageni, ni mtoto wa lami na reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Mlowo ya utoto wa babu, kwa maelezo yake, ilikuwa barabara ya vumbi, mto wenye jina hilohilo, duka moja au mawili, na mashamba. Yeye alizaliwa karibu na mwaka 1940. Tarehe hakuijua, alichoambiwa ni kwamba zilikuwa siku zile Waingereza walipokuwa wanawakusanya wamisionari wa Kijerumani na kuwaweka kizuizini kwa sababu ya Vita ya Pili ya Dunia.

Siku chache baada ya ule ugomvi, tulipokwisha kupatana, nilimuuliza enzi hizo kulikuwa na muziki gani. Akacheka. "Muziki wa kukaa ukasikiliza? Ulikuwa wa wenye nafasi. Wetu ulikuwa ndani ya kazi." Akanihesabia. Alfajiri, jiwe la kusagia ulezi na sauti ya mama yake juu yake. Mwanamke akisaga kimya, alisema, majirani walijua kuna jambo ndani ya nyumba. Asubuhi, chuma kilichotundikwa mtini kikigongwa kuita watu kanisani na shuleni. Mchana, vijana wakilima kwa pamoja na mmoja wao akiongoza wimbo ili majembe yashuke kwa wakati mmoja. Jioni, gita la mtu aliyerudi kutoka mbali. Na usiku wa msiba, ngoma.

Huyo mtu aliyerudi kutoka mbali ni muhimu. Vijana wa Unyiha, Unyamwanga na Unyakyusa walikuwa wakitoka kwenda kutafuta fedha za kodi na za mahari. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliyovuta watu tangu miaka ya 1920 na kuukuza hata mji wa Mbeya. Wengine walivuka mpaka Tunduma, wakaenda kwenye migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Baba yake babu alikuwa mmoja wa hao wa shaba. Alirudi na mablanketi mawili, koti moja, na santuri ya kukoroga kwa mkono.

Santuri hiyo ilikuwa dunia nzima ndani ya sanduku. Katika miaka ya 1930 kampuni ya His Master's Voice ilianza kuuza Afrika sahani za muziki wa Kuba, zenye herufi GV. Watu wakazipenda kuanzia Kongo hadi huku kwetu, mpaka Morogoro kukawa na bendi iliyojiita Cuban Marimba, ya Salum Abdallah. Nani alikuwa anamwiga nani hapo? Muziki ule wa Kuba ulikuwa umebeba ngoma za Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Ulirudi nyumbani ndani ya sahani, umevaa Kihispania, na Mwafrika akaununua kwa mshahara wa mgodini.

Kisha ikaja redio. Mwaka 1949 stesheni ya Lusaka ilianza kuwauzia Waafrika redio ndogo ya betri iliyopewa jina la sufuria, na mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam. Mawimbi ya redio hayasimami mpakani kuonyesha karatasi. Babu alikumbuka wanaume wazima wamechuchumaa nje ya duka, wameshika vichwa, wanasikiliza gita la Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga aliyeimba Kiswahili na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville mwaka 1952. Mkoloni alikuwa na redio, alikuwa na mnara, alikuwa na mtambo wa kurekodi. Lakini kile kilichowafanya wanaume wale wanyamaze hakikuwa mali ya mkoloni.

Hata hivyo najua mtaniambia: gita la Mwenda ni rahisi kulitetea. Tuzungumzie tarumbeta la kanisani. Haya, tulizungumze.

Wamoravian walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899. Aliyekaa pale tangu mwanzo hadi Vita ya Kwanza alikuwa Traugott Bachmann, Mjerumani. Ukisoma habari zake unakutana na watu wawili ndani ya mtu mmoja. Bachmann wa kwanza alizipinga mila nyingi za Wanyiha, ndiyo hadithi tuliyozoea. Bachmann wa pili, baada ya kukaa miaka mingi na watu na kuwasikiliza, alianza kujiuliza kama hakuwa amebomoa vitu asivyovielewa, akaona watu wanaweza kumwimbia Mungu kwa sauti zao wenyewe. Mwenye nyundo alisita.

Kisha mwaka 1931 akafika kusini-magharibi mwa Tanganyika Mmoravian mwingine, Franz Ferdinand Rietzsch, mtu wa muziki hasa. Huyu alipowasikia Waafrika wakiimba nyimbo za Kijerumani aliumia. Aliona haziwafai. Akasikiliza milio ya kienyeji, akaisoma, akaona imekaribiana na nyimbo za kale kabisa za makanisa ya Ulaya, akataka hizo ndizo zichukue nafasi ya zile za mwanzo. Nia yake ilikuwa njema. Wengine wetu leo tungempigia makofi.

Sasa jiweke, msomaji, katika nafasi ya mzee wa Kinyiha wa mwaka 1935. Ujanani mwako alikuja mzungu akakuambia: acha wimbo wako, huu wangu ndio mzuri. Ukaumeza kwa shida. Ukajifunza. Vita ikaja, yule mzungu akaondolewa. Kwa miaka kadhaa Waskoti wa Livingstonia, kutoka Nyasaland, ndio waliolea makanisa yale. Bwana wa wimbo hayupo, lakini wewe bado unauimba: umemzikia mama kwa wimbo huo, umeoa kwa wimbo huo. Halafu anakuja mzungu wa pili anakuambia: acha wimbo huo, si wako, nitakuonyesha ulio wako. Ungemjibuje?

Baba yake babu, kwa masimulizi ya nyumbani, alikuwa na jibu fupi: "Kila akija mmoja ananiambia mimi ni nani."

Nilipolisikia jibu hilo nilijiona mwenyewe nimesimama barazani Desemba ile, chai inapoa, ninahutubia. Kumbe mimi nilikuwa mzungu wa tatu.

Lakini nisikimbilie kujuta, maana majuto ya haraka nayo ni njia ya kukwepa swali. Upande wa pili una nguvu zake na lazima usikilizwe. Mwalimu Nyerere mwenyewe, Desemba 1962, alipohutubia Bunge nchi ilipokuwa Jamhuri, alisikitika kwamba wengi wetu tunajua kucheza rumba, chachacha na dansi za Ulaya, lakini ni wangapi waliowahi kucheza, au hata kusikia, gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama? Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwalimu hakuwa anapiga porojo. Aliona kwamba mtu anaweza kushusha bendera ya mgeni mlingotini akaibakiza moyoni.

Nilimwambia babu maneno hayo. Akatikisa kichwa kukubali, maana Mwalimu alimheshimu sana. Halafu akauliza, "Na ule wimbo wa taifa, tuliupata wapi?"

Nikakaa kimya, kwa sababu jibu nalijua na ninyi mnalijua. Sauti ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Ni wimbo wa kanisani. Mpangilio wa sauti zake ni ule uliofundishwa na wamisionari. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliufanya wao. Tanganyika ikauchukua kuwa wimbo wa taifa mwaka 1961. Zambia ikaichukua sauti ileile mwaka 1964 ikaipa maneno yake. Nenda Tunduma ukaone: hatua chache unavuka, upo Nakonde, nchi nyingine, fedha nyingine, rais mwingine, na watoto wa shule za pande zote mbili wanasimama wima kwa sauti moja iliyozaliwa ndani ya misheni. Hakuna anayesema hiyo ni pumzi ya kuazima. Tumeikomboa kwa kuitumia.

Babu hakuishia hapo. Akanyoosha kidole upande wa kilima cha Marengi. "Na kile chuma kule?" Alikuwa anasema kimondo. "Kimetoka wapi?"

"Angani, babu."

"Mbona mnakiita Kimondo cha Mbozi?"

Nilicheka, nikamkumbatia, lakini usiku kitandani nikaona mzee amenipiga chenga. Kimondo kilianguka tu. Hakikumwambia mtu avunje ngoma yake ili kipate mahali pa kukaa. Hakikudai kodi ya kichwa. Wimbo wa Kijerumani haukuanguka kutoka angani. Ulikuja na shule, na shule ndiyo iliyokuwa njia ya kupata ukarani, ualimu, dawa, heshima. Mtu akikuwekea sahani moja mezani, ukala ukashiba, huwezi kusema ulichagua. Lakini pia hakuna mtu anayeweza kukuambia kwamba hukushiba.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu lilipo. Nilikuwa nauliza: huu wimbo umetoka wapi? Ni swali la forodhani, swali la mtu anayekagua mizigo. Kuna maswali mawili mazito zaidi. La kwanza: aliyeupokea aliufanyia nini? La pili: ni nini kilichonyamazishwa ili huu usikike?

Swali la kwanza lina majibu ya kufurahisha. Tazameni beni. Tangu miaka ya 1890 vijana wa pwani walizichukua bendi za kijeshi za wazungu, gwaride lao, vyeo vyao na mavazi yao, wakatengeneza ngoma ya mashindano, Marini kwa Arinoti. Wakati wa Vita ya Kwanza askari na wapagazi wakaisambaza bara, ikafika Nyasaland na Rodesia. Kwenye miji ya migodi ya shaba ikachezwa kalela. Mwaka 1951 msomi mmoja, J. Clyde Mitchell, aliitazama kalela huko Luanshya: wafanyakazi wamevaa nguo za kizungu safi, viatu vinang'aa, na kati yao yupo "daktari" aliyevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu. Walikuwa wanamtukuza mzungu au wanamcheka? Nadhani jibu lilitegemea nani yuko pembeni anatazama. Mtu anayelipwa senti kushinda kazini, akiamua Jumapili kuwa daktari, amejipa kitu ambacho mwajiri hakukiweka kwenye mkataba.

Babu naye alikuwa na kalela yake ndogo. Aliniambia kwamba walipokuwa vijana, wakishamaliza kupuliza nyimbo za ibada, walibaki nyuma ya kanisa wakijaribu kupuliza zile za santuri. Rumba kwa tromboni! Mlinzi wa kanisa alikuwa anakuja kuwafukuza, lakini alikuwa anachelewa kidogo, mpaka wimbo uishe.

Swali la pili halichekeshi. Babu alilijibu mwenyewe, bila kuulizwa, usiku wa mwisho wa likizo ile. Alisema mama yake alikuwa mwimbaji wa misiba, mwanamke ambaye watu walimfuata kutoka mbali. Alipoamua kubatizwa aliambiwa nyimbo zile aziache. Akaziacha. Hakupigwa wala kulazimishwa kwa kiboko. Alitaka ubatizo, akaambiwa bei, akalipa. "Alikuwa anasaga kimya," babu akasema. Kisha akaingia ndani kulala.

Mnakumbuka nilichoandika juu kuhusu mwanamke anayesaga kimya? Mimi usiku ule sikukumbuka. Nilikuwa na tiketi ya basi ya alfajiri, nikawa napanga nguo kwenye begi.

Babu alifariki Julai 2022, baridi ya Mbozi imekaza. Nilifika msibani siku ya pili. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa vita: nilijua ukoo ungegawanyika, wa kanisani wangetaka matarumbeta na vijana wasomi kama mimi tungetaka ngoma ya asili. Nilikuwa hata na hoja zangu kwenye daftari. Hakuna aliyenihitaji. Baba mdogo alisimama akasema marehemu aliacha usia. Matarumbeta yapigwe asubuhi ya maziko. Lakini usiku wa kuamkia maziko, wanaume wanyamaze, na kama yupo mtu anayejua wimbo wowote wa mama yake, aimbe.

Saa nne usiku ilifika, moto unawaka uani, watu wamejifunika mablanketi. Wanawake wakaangaliana. Mwishowe akanyanyuka dada yake babu, bibi wa zaidi ya miaka 80, kajifunga kanga kiunoni, akaanza. Sauti ilikuwa nyembamba na imepasuka, lakini mwili wote ulikuwa unajua inakokwenda. Wanawake wawili watatu wazee walianza kuitikia kwa kubahatisha. Nilitoa simu nikarekodi. Halafu, katikati, akasimama. Akarudia ubeti ule. Akasimama palepale tena. Akatutazama kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini.

"Unaendelea," akasema, "lakini kinachofuata mimi sikijui. Alikijua kaka yangu."

Kaka yake alikuwa ndani ya jeneza.

Sijui kama nitawahi kusikia tena kimya kama kile. Nilikuwa na wiki tatu za likizo mwaka 2018 na mtu aliyeujua wimbo mzima. Sikumuuliza. Nilizitumia kumweleza kwamba amesahau utamaduni wake.

Hapo sasa ndipo nilipofikia, na msinidai hitimisho la kunyooka. Nasema hivi. Furaha ya babu ilikuwa yake. Ililipiwa kwa miaka miwili ya kutafuta pumzi, kwa ndoa, kwa maziko, kwa rumba ya nyuma ya kanisa, na hakuna msomi wa kuitaifisha. Kimya cha mama yake nacho kilikuwa kweli, na furaha ya mwanawe haikukifuta. Mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja, meza moja, kwa maisha yao yote, na wao waliweza kuishi nayo. Ni sisi tunaotaka mmoja amfukuze mwenzake. Dhuluma ya ukoloni katika muziki haikuwa kuleta wimbo mgeni. Watu wameazimana nyimbo tangu dunia ianze. Dhuluma ilikuwa kumwambia mtu kwamba wimbo alionao si kitu. Kwa kipimo hicho, maneno yangu ya barazani yalikuwa ya kikoloni kuliko tarumbeta lile.

Na sisi wa kalamu je? Kila mwezi majarida kama haya yanapata insha za vijana zinazolia kwamba utamaduni wetu umepotea. Nimeandika mbili mwenyewe, za zamani, msizitafute. Leo ninapendekeza jambo dogo tu: kabla hujaandika kwamba kitu kimepotea, nenda kamuulize bibi yako kama hanacho. Beba daftari. Nyamaza. Usimweleze yeye ni nani.

Rekodi ile ninayo, dakika moja na sekunde arobaini. Nimepita nayo kwa wazee Mlowo, Vwawa na vijiji vya jirani, nawasikilizisha, nauliza kama kuna anayejua kinachofuata. Bado. Bibi mmoja aliniambia anaujua, akaimba wimbo mwingine kabisa, mzuri sana, nao nikaurekodi.

Tarumbeta? Hakupewa mjukuu msomi. Asubuhi ya maziko, baada ya udongo, baba mdogo alimkabidhi binamu yangu wa kike, miaka 15, kwa sababu moja tu ambayo babu alikuwa ameitaja: yule anaweza kuipuliza. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kwa pindo la kitenge, akaungana na wenzake kwenye mstari. Nilisimama nyuma yake. Alikosea noti ya kwanza, akavuta pumzi, akaanza tena.